Maswali ya Wasomaji: Lazima Nisikie Sauti Ndo Niende Chuo cha Biblia?

Shikamoo Mchungaji. Mi ni kijana wa miaka 24, naishi Uyole hapa Mbeya, nilimaliza fomu siksi nikakosa mkopo wa chuo, kwa sasa nafanya biashara ya viazi, nanunua kwa wakulima kule Isyonje nashusha soko la SIDO Mwanjelwa. Kanisani nafundisha watoto Sande skuli mwaka wa nne huu. Natamani sana uchungaji na wazee wawili wa kanisa wameshaniambia niombe nafasi ya chuo. Shida ni moja, sijawahi kusikia sauti wala kuota ndoto. Rafiki yangu ambaye yupo chuoni anasema siku ya usaili wanakuuliza wito wako ulikujaje, yeye alieleza alivyoona mwanga chumbani saa tisa za usiku. Mi sina cha kueleza. Nimefunga siku tatu nikapanda mlima Loleza kuomba, nimeshuka na baridi tu. Kuna mwenzangu ananiambia nitunge kitu kidogo, kila mtu anafanya hivo. Je niende au nisubiri? – Muuza viazi, Uyole

Marahaba kijana wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili halafu nikampa na mama asome, na wote tumeanzia pale pale mwishoni, kwenye hilo la kutunga. Usitunge. Nakuomba kama baba anavyomwomba mwanawe. Ukitunga huo mwanga wa saa tisa utaambiwa uusimulie tena siku ya kubarikiwa, utausimulia kwenye mikutano, watoto wako watausikia, na itakuja siku umesimama kwenye kaburi la mtoto wa miaka miwili mama yake amekushika mkono hataki kuuachia, siku hiyo unahitaji kitu cha kweli chini ya miguu yako, sasa ukitazama chini unakuta ni ile stori uliyopewa na mwenzako. Nimewaona watu wa namna hiyo wakivunjika, tena walikuwa na vipawa kweli.

Sasa swali lenyewe. Mi naamini wito upo na unahitajika. Ila sauti ya usiku, ndoto, mwanga, hivo havihitajiki, na nadhani tumewaumiza vijana wengi sana kwa kuvichanganya hivi vitu viwili.

Tunapenda kuhubiri Musa na kile kijiti kinachowaka moto, tunapenda Isaya hekaluni, tunapenda Paulo anaanguka njiani kwenda Dameski, na sawa, ni kweli yalitokea, mi siyapunguzi hata kidogo. Lakini hebu fungua Matendo sura ya 6. Wajane wa Kiyunani wanalalamika kwamba wanasahaulika kwenye chakula cha kila siku, mitume wanasema chagueni watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, wamejaa Roho na hekima, basi wakachaguliwa, wakaombewa, wakawekewa mikono. Hakuna aliyeulizwa aliota nini. Na mmoja wa hao saba waliochaguliwa kugawa chakula ni Filipo, ukienda sura ya 21 unakuta anaitwa mhubiri wa Injili. Au Timotheo, huyu ndo nampenda zaidi kwa ajili yako, sura ya 16 inasema alishuhudiwa vema na ndugu wa Listra na Ikonio, Paulo akamtaka afuatane naye. Basi. Ndugu wa miji miwili wanasema huyu kijana ni mzuri, na mtumishi mmoja anasema twende. Ndivyo alivyoingia kazini yule aliyekuja kuandikiwa nyaraka mbili.

Na kwenye waraka wa kwanza, sura ya 3, Paulo anaanza hivi, "mtu akitaka kazi ya askofu, atamani kazi njema." Akitaka! Neno lenyewe ni kutaka, ni kutamani, kitu hicho hicho unachonieleza kwa aibu kama vile umefanya kosa. Halafu anashuka kwenye masharti, awe mtu asiyelaumika, mume wa mke mmoja, mkaribishaji, ajuaye kufundisha, si mlevi, si mgomvi, si mpenda fedha, anaisimamia nyumba yake vizuri, asiwe ameongoka juzi juzi. Soma yote mpaka mstari wa 7 uone kama kuna mahali anasema awe amesikia sauti.

Najua kuna atakayeniandikia kuhusu Waebrania 5, kwamba hapana mtu ajitwaliaye mwenyewe heshima hii ila yeye aitwaye na Mungu kama Haruni. Ni kweli, ingawa pale panaongelewa kuhani mkuu na jinsi Kristo mwenyewe hakujitukuza. Na yupo Yeremia 23, manabii ambao Mungu hakuwatuma lakini walikwenda mbio. Hayo maneno yananitisha mpaka leo na sitaki yakuishie hivi hivi bila kukutisha na wewe. Lakini ona, anayejitwalia heshima ni yule anayejituma mwenyewe halafu hataki kuulizwa na mtu, na mara nyingi huyo ndo mwenye ndoto nyingi kuliko wote. Wewe umeambiwa na wazee wawili na bado unaogopa. Ni tofauti kabisa.

Hata Samweli, ambaye sauti aliisikia kweli kwa masikio yake, mara tatu aliamka akakimbilia kwa Eli kwa sababu hakujua ni nani anamwita. Ilibidi mzee, tena mzee ambaye nyumba yake ilikuwa na matatizo makubwa, amwambie kijana huyo ni Bwana.

Ndugu zetu Walutheri wa Iringa na Njombe wanakumbuka radi ya Luther. Mwaka 1505, karibu na kijiji cha Stotternheim, radi ilipiga jirani naye akaanguka chini akaahidi kuwa mtawa, na akaingia utawa kweli. Kwetu huku nyanda za juu radi tunazijua, mtu akinusurika radi ataahidi chochote. Lakini kitu ambacho hakihubiriwi sana ni kwamba radi ilimwingiza utawani tu. Kwenye kufundisha na kuhubiri aliingizwa na mkubwa wake, Staupitz, aliyemkalisha chini ya mti wa mpeasi akamwambia atasoma udaktari wa theolojia na atahubiri, Luther akatoa sababu nyingi za kukataa, mzee hakukubali hata moja. Mwaka 1512 akapata huo udaktari. Ile kazi iliyobadilisha kanisa ilitoka kwenye mazungumzo ya watu wawili chini ya mti, hali ya hewa shwari.

Na sisi Wamoravian tunaye wa kwetu. Mwaka 1731 Zinzendorf, yule bwana mkubwa wa Kijerumani aliyewapokea Wamoravian kwenye ardhi yake kule Herrnhut, alikutana kule Copenhagen, Denmark, na mtumwa mmoja aitwaye Anthony, mtu wa kisiwa cha St. Thomas huko Karibiani, akasikia habari za watumwa kule wasiokuwa na mtu wa kuwafundisha. Aliporudi Herrnhut akawasimulia washirika. Leonhard Dober, fundi wa kufinyanga vyungu, alisikia habari ile akakosa usingizi usiku kucha. Sasa hapa nakuomba usome polepole, hakusikia sauti, alikosa usingizi kwa sababu ya watu aliosikia habari zao. Na kanisa halikumwambia nenda kesho, alisubirishwa kama mwaka mzima, wakapiga kura ya kuokota kikaratasi kama desturi yao ya wakati ule (siku hizi hatupigi hiyo kura), jibu likawa aruhusiwe, ndipo Agosti 1732 akaondoka na David Nitschmann, fundi seremala. Mfinyanzi na seremala! Miaka 159 baadaye, 1891, watu wa kanisa hilo hilo wakafika Rungwe, na mimi nikabatizwa kwa sababu hiyo.

Sasa nikueleze ya kwangu, maana umeuliza kwa uwazi na mimi nikujibu kwa uwazi. Nilikuwa na miaka 22, nachuma chai Tukuyu. Jumapili moja ya mwezi wa nne mwinjilisti wetu aliugua malaria, mzee wa kanisa akaja kwetu kabla hakujapambazuka, kitabu cha masomo amekifunga kwenye nailoni kwa ajili ya mvua, akanipa akasema leo utasimama wewe. Nikamwambia mzee mi sina wito. Akanitazama akasema watu wanafika saa tatu, akaondoka. Nikasimama. Nilipoanza tu kusoma mvua ikaja juu ya mabati, we unajua mvua ya Rungwe ilivyo kwenye mabati yasiyo na dari, sauti yangu hata mimi siisikii, nikanyamaza tukakaa wote tunatazamana mpaka bibi mmoja wa benchi la mbele akaanza wimbo. Mahubiri hayakuwepo siku ile. Baada ya ibada yule bibi akanishika mkono, ndaga fijo (yaani asante sana), akasema twende nyumbani mume wangu anaumwa. Nyumba imejaa moshi, mzee amelala karibu na moto, sikujua la kufanya nikasoma Zaburi ya 23 na nikaona midomo yake inacheza, anaisema pamoja na mimi kwa kichwa. Alhamisi akafariki. Familia ikasema yule kijana ndo aje aongoze maziko, na mwinjilisti bado alikuwa kitandani. Miezi michache mbele baraza la wazee likaandika barua kwenda wilayani, mi nikaitwa kusaini tu.

Nimetumika miaka 38 na nimestaafu, sauti sijaisikia mpaka leo. Lakini mtu akiniuliza nani aliniita naweza kumpeleka mpaka mlangoni, nyumba ya yule bibi bado ipo, anakaa mjukuu wake.

Kwa hiyo siku ya usaili wakikuuliza, jibu ulivyoniandikia mimi. Sema nafundisha watoto mwaka wa nne, natamani kazi hii, wazee wangu wawili wameniambia niombe, sijaona maono. Wenye hekima pale mezani watafurahi. Kama wakikurudisha kwa sababu huna mwanga wa saa tisa, rudi Uyole uendelee na watoto, halafu mwambie mchungaji wako akuombee nafasi tena mwakani, kanisa halijafungwa.

Lakini kabla hujaenda kuna kitu nataka ujiulize, na hiki ni kigumu kuliko kupanda Loleza. Ule mstari wa 7 niliokwambia unasema imempasa kushuhudiwa mema na watu walio nje. Wa nje kwako wewe ni wakulima wa Isyonje. Unanunua kwa kilo au unanunua lumbesa? Yule mama aliyelima kwa jembe la mkono kwenye ile baridi, ukimjazia gunia likapanda juu kama mlima ukashonea na wavu, ukamlipa bei ya gunia moja, huyo mama ukija kuwa mchungaji wa mtaa wake atakusikilizaje? Nenda kawaulize. Kama kuna unayemdhulumu mrudishie. Ukiniuliza mimi, ushuhuda wa wakulima kumi wa viazi una uzito kuliko ndoto mia, na hilo nitalisema hata mbele ya askofu. Ndugu zetu Wakatoliki wana jambo zuri sana kwenye ibada ya upadrisho, askofu anauliza hadharani kama anajulikana kuwa hawa vijana wanastahili, na anayewaleta anajibu kwamba taifa la Mungu limeulizwa. Watu wameulizwa! Sisi tunauliza wazee tu, ningetamani tuulize na sokoni.

Mchungaji bwana asifiwe. Niko Mafinga, mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka jana aliota amevaa kanzu nyeupe watu wengi wanamfuata, tangu hapo anasema Mungu amemwita afungue huduma yake na anataka aache kazi mwezi wa sita. Tuna watoto watatu, wa kwanza yuko fomu tuu. Nikimuuliza anasema namzuia Roho. Wazazi wake wananiambia ninyamaze. Nifanyeje? – Mama wa watatu

Ameni mama. Kwanza humzuii Roho, wewe ni mke na unauliza ada italipwa na nani, hilo swali ni la kiroho kabisa. Huyo Paulo aliyesikia sauti kweli, alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila akashona mahema kwa mikono yake, Matendo 18, na sabato akawa anahubiri kwenye sinagogi. Kazi na huduma vilikaa nyumba moja.

Mwombe mumeo jambo moja tu, mwaka mmoja wa kutumika hapo hapo kanisani kwenu akiwa bado anashika chaki. Afundishe darasa la kipaimara, atembelee wagonjwa pale hospitali ya wilaya, aongoze jumuiya ya nyumba kwa nyumba ile ya alfajiri ambayo hakuna anayeitaka. Kama wito ni wa kweli mwaka mmoja hautauua, Dober alisubiri huo huo. Na hao watu wengi wanaomfuata kwenye ndoto, muulize kwa upole kama anawajua kwa majina, kwa sababu mchungaji anawajua kondoo wake mmoja mmoja, na mi ninapata wasiwasi na wito ambao ndani yake unajiona wewe tu umevaa vizuri. Mwambie pia kwamba kufungua huduma ya kwake mwenyewe kunaanza na usajili kwa Msajili wa Jumuiya, katiba, viongozi, wadhamini, yaani hata serikali inataka ajulikane anawajibika kwa nani. Kama hataki kuwajibika kwa mchungaji aliyepo hapo Mafinga, atawajibika kwa nani akiwa peke yake?

Wakwe zako wasikilize kwa heshima lakini usinyamaze. Mtafute mke wa mchungaji wenu, mkae naye, mweleze mpaka mwisho, kisha mwende wote wanne mkae mezani kabla ya mwezi wa sita.

Mchungaji mi ni mtu mzima wa miaka 51, niko Makambako. Nikiwa kijana kanisa lilinichagua niende chuo cha uinjilisti nikakataa nikaenda kutafuta hela Dar. Sasa nimerudi, biashara imekufa, mwaka huu kuku wangu wote 200 wamekufa ndani ya wiki moja. Mtumishi mmoja kaniambia ni kwa sababu nilikimbia wito, na kwamba nitoe sadaka ya kukomboa wito ndo mambo yafunguke. Ni kweli? – Aliyekimbia

Kaka yangu, pole sana kwa kuku, 200 ni hela nyingi na ni jasho.

Hiyo sadaka usitoe. Kuku 200 kufa ndani ya wiki inanukia kideri, na kideri kinazuiwa kwa chanjo ambayo inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, nenda kwa bwana mifugo wa kata umweleze dalili ulizoziona kabla hujaingiza vifaranga wengine. Sitaki uanze mzunguko mwingine wa kuku huku unaogopa Mungu anawatafuta bandani.

Umekataa ukiwa kijana, sawa, ulikataa. Yona naye alikataa, na watu wanakumbuka tufani na samaki wakasahau mstari wa kwanza wa sura ya 3, neno la Bwana likamjia Yona mara ya pili. Hakudaiwa kitu cha kukomboa. Na Yohana Marko aliwaacha wenzake kule Pamfilia akarudi Yerusalemu, Paulo alikasirika kiasi kwamba yeye na Barnaba waligombana wakaachana kwa sababu yake, lakini miaka ikapita, Paulo yuko kifungoni mzee anasubiri kufa, anamwandikia Timotheo amtwae Marko amlete, maana anamfaa kwa utumishi. Hicho kipande cha 2 Timotheo 4:11 kisome ukiwa peke yako usiku.

Chuo kwa miaka 51 pengine kimepita, sitakudanganya, lakini mtaa wako hauna watu wa kutosha, najua kwa sababu hakuna mtaa huku kwetu wenye watu wa kutosha. Jumapili hii baada ya ibada usiwahi kutoka. Msubiri mwinjilisti amalize kuhesabu sadaka na wazee, msogelee, mwambie jina lako na kwamba ulichaguliwa zamani ukakataa, na kwamba Jumatano ukihitajika kumsindikiza kutembelea wagonjwa una baiskeli na una muda.